Mayai ya tenia kwa mikroskopu: mutu anajua aje ni ya ngombe ao ya nguruwe?

Stajiere_Kadutu (Bukavu)
Bandugu jambo. Niko nafanya staji ku labo moja hapa Bukavu na kuko kitu inaniuma roho. Juzi tulipata mayai ya tenia (ule munyoo murefu wa mu tumbo) mu choo ya mama mumoja, niliyaona mi mwenyewe, ya duara, rangi ya kahawia, ganda nene yenye mistari. Mukubwa akaandika ku buletini "Taenia saginata", ile ya ngombe, juu mama alisema hagusi nguruwe, anakulaka tu brosheti ya ngombe. Lakini yai inatuambia aje kama ni saginata? Tena mama alisema mutoto wake anaangukaka kifafa. Nimesoma pia kama kuko Taenia asiatica na kama ADN (DNA) ndiyo inazitenganisha muzuri. Munisaidie.

Papa Labo (Goma)
Dada, uko na haki. Mayai ya zote tatu, saginata, asiatica na solium ile ya nguruwe, yanafanana, hata mutu wa miaka makumi mbili ku mikroskopu hatayatenganisha. Ku buletini ingeandikwa "Taenia sp.", ni kusema tenia bila kutaja aina, na basi. Na brosheti ya usiku, nani aliona ile nyama mbele ikatwe?
Kipande cha tenia kikitoka, unakibana kati ya vioo viwili, unatia wino, unahesabu matawi ya mfuko wa mayai upande moja: solium iko na 7 mpaka 13 hivi, saginata inaanza ku 12 na kwenda mpaka 30. Sasa ukihesabu 12 ao 13 utasema nini? Kichwa ndiyo kingeamua, solium iko na ndoano, saginata hapana, lakini kisha dawa kichwa mara mingi hukioni.

Mufirmye_Bagira
Samahani bakubwa, si dawa ni ileile? Niclosamide ao praziquantel, mutu anapona. Juu ya nini kusumbuka na jina?

Papa Labo (Goma)
Juu ya ule mutoto! Saginata inabaki mu tumbo. Mayai ya solium, mutu akiyameza, mabuu yanaenda mpaka mu ubongo na kuleta kifafa, na mwenye kuyaeneza mara mingi ni mutu wa nyumba ileile. Kwa hiyo "saginata" ku ile buletini imefunga mulango yenye ilipaswa kubaki wazi. Na praziquantel, mugonjwa akiwa na mabuu mu kichwa inaweza kumuangusha kifafa, mumuulize kwanza kuhusu kichwa kuuma na kuanguka.

Biolojia_Lushi (Lubumbashi)
Niongeze upande wa ADN. Watu wanasoma jeni ya mitokondria (vichembe vya ndani ya seli vyenye ADN yao) inaitwa cox1, kwa PCR (njia ya kuzidisha ADN), na inafanya kazi hata kwa mayai ya kwenye choo. Solium na saginata ziko mbali kwa hiyo hapo jibu linatoka wazi. Ugumu uko kwa asiatica, ilitambuliwa kama spishi mwaka 1993 huko Korea, mabuu yake yanakaa hasa kwenye maini ya nguruwe, lakini yenyewe kwa macho ni pacha wa saginata. Hiyo inajulikana Asia, si kwetu.
Na hapa ndiyo napenda sana hii habari: mitokondria inatoka upande wa mama tu. Tenia moja ina kike na kiume ndani yake, inaweza kujizalisha peke yake, lakini mbili zikikutana kwenye tumbo moja zinaweza kuchanganya. Huko China na Thailand walipata tenia zenye mitokondria ya asiatica na ADN ya nyuklia (kiini cha seli) ya saginata, yaani ukisoma cox1 peke yake unatoa jina nusu. Ndiyo maana sasa wanasoma pia jeni za nyuklia kama elp na pold.

Stajiere_Kadutu (Bukavu)
Aksanti sana. Tuko na mashini ya GeneXpert ya kupima kifua kikuu, haiwezi saidia?

Biolojia_Lushi (Lubumbashi)
Hapana, ile kartushi inatafuta kifua kikuu tu. Kwa umeme wa kukatikakatika LAMP (njia nyingine ya kuzidisha ADN) ingefaa zaidi, inakaa kwenye joto moja la digrii 60 na kitu na jibu unaliona kwa macho. Mkikosa, tunzeni kipande kwenye alikoli, msikitie formoli maana inaharibu ADN. Na glavu kila mara, mayai ya solium yanakuambukiza wewe pia.

Stajiere_Kadutu (Bukavu)
Mama anarudi siku ya tatu, nitamuomba alete kipande na aje na mutoto. Kichupa cha alikoli nimesha kukiandika namba. Na mukubwa amekubali tusahihishe buletini.