Naomba ushauri: nikompaili kwenye kifaa chenyewe au kwenye kompyuta nyingine?

Ndugu wanachama, habari zenu.

Ninaandaa programu ya C++ ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye RAM ya GB 1, na kila nilipoikompaili (yaani kugeuza msimbo kuwa faili inayoendeshwa) humo humo kumbukumbu ilijaa, mfumo ukaikatisha kazi. Nimetumia "make -j1" (kazi moja tu kwa wakati) na kuongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Sasa inamalizika, ila kwa saa nyingi mno. Nilipoikompaili kwenye kompyuta yangu ya x86-64 (aina ya kichakataji cha kompyuta nyingi za kawaida) kwa kikompaila cha ARM (aina ya kichakataji cha Raspberry Pi), faili ilitoka salama (nikafurahi mapema), lakini kifaa kiliikataa kwa sababu ilihitaji glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) mpya kuliko iliyomo.

Je, kunakili maktaba na faili za vichwa za kifaa ziwe sysroot (folda ambayo kikompaila huitumia kana kwamba ni mfumo wa kifaa) kunatosha, au nivumilie tu ujenzi wa humo humo? Na majaribio ya programu, ambayo x86-64 haiwezi kuyaendesha moja kwa moja, ninyi huyafanyia wapi?