Santuri za zamani: nitajuaje hii ni NM (karibu mpya) au VG (nzuri sana ila imetumika)? Msaada wakuu

Mkwaju_Tanga
Wakuu heshima kwenu. Marehemu baba mkubwa kaniachia boksi la santuri, nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) za kampuni ya Polydor, za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, halafu ziko nzito za zamani za 78 (mizunguko 78). Kuna mtu yuko Ujerumani anazitaka ila anasema kila moja nimwandikie hali yake kwa madaraja ya Goldmine, lile jarida la Marekani la wakusanya santuri. Nimeziangalia zinang'aa, mikwaruzo midogo midogo tu, nataka niandike zote NM. Niko sawa? Na zina vumbi limegandamana, nizifute na spiriti?

sindano_kali
Mkuu weka spiriti chini kwanza!! Hizo za 78 sio plastiki, ni shelaki (aina ya utomvu mgumu), na spiriti inayeyusha shelaki, ukipitisha mara moja tu umeua santuri. Chukua kitambaa laini, maji safi na tone la sabuni ya vyombo, lebo usiiguse na maji, kausha hapo hapo. Halafu zisimamishe wima, usizirundike, zinavunjika kirahisi mno.

Mzee wa Upande B
NM zote? Hapana kaka, utagombana na huyo Mjerumani. NM ni santuri karibu mpya, haina hata alama ya kupigwa. Kwa kawaida VG+ (kati ya NM na VG) bei yake ni kama nusu ya NM, na VG ni kama robo, kwa hiyo ukikosea daraja moja hela inabadilika kabisa.

Washa taa moja kali, inamisha santuri taratibu mwanga upite juu yake. Mkwaruzo ukiuona, pitisha kucha, ukiusikia kwenye kucha basi na sindano itausikia. Lakini macho yanadanganya, hizi 45 zetu zilipigwa baa na majumbani kwa sindano zilizokwisha na mkono mzito, mifereji imeliwa wakati juu panang'aa vizuri tu. Ipige yote mpaka mwisho, sikiliza hasa karibu na katikati, pale tarumbeta zinapopanda na mwimbaji anapopaza sauti, kama inachanika na nyuma kuna sauti ya kukaanga hiyo ni VG au chini, hata ing'ae vipi. Na ikiruka au kukwama haifiki hata G (daraja la chini ya VG), maana G inatakiwa imalize wimbo.

Kanda2_Msa
Mi naona kwa santuri za huku kwetu tulegeze kidogo, NM za miaka ya 70 utazipata wapi? Aliye na VG ana kitu cha thamani.

Mzee wa Upande B
Thamani ndiyo, ila daraja halilegezwi. Kama ni adimu pandisha bei, hali iandike ilivyo. Mtu wa mbali haoni, anaamini maandishi yako tu, na ukimuudhi mmoja wenzake nao wanasikia.

Mkwaju_Tanga
Nimewaelewa. Sasa baba mkubwa aliandika jina lake kwa kalamu kwenye lebo karibu zote, na makava mengi hayapo, au ni yale ya karatasi ya kampuni yamechanika.

sindano_kali
Jina litaje, wengine hawajali kabisa, wengine wanajali sana. Kava lina daraja lake peke yake, usilichanganye na la santuri. Na za 78 zipigie sindano yake maana mfereji wake ni mpana, ya 45 inayumba humo na utasikia kelele ambazo sio kosa la santuri. Ukisikia tik moja kila mzunguko angalia ukingoni dhidi ya mwanga, mara nyingi ni ufa.

Mzee wa Upande B
Andika hivi: "Santuri VG. Upande A unakaanga mwanzoni, mkwaruzo mmoja unasikika kidogo, hairuki. Upande B safi zaidi, VG+. Jina kwa kalamu kwenye lebo A. Haina kava." Halafu mpigie picha za pande zote mbili chini ya taa hiyo hiyo uliyoangalizia.