Mjadala: Halmashauri iache kuwakopesha akina mama kwa biashara zilizokwisha kujaa?

Mleta mada: Wadau, salaam. Naleta hoja, nipingeni kwa hoja.

Julai 2025 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo saluni, uwakala wa pesa na duka la rejareja. Mtaani watu walishangilia: mama zetu watapumua. Mimi nasema mama wa Mbagala mwenye meza ya vitumbua hajawahi kushindana na Mchina. Anashindana na mama wa meza ya pili, ya tatu na ya saba, wote wanauza kilekile kwa mteja yuleyule. Huo ndio ushindani unaozifunga biashara za wanawake, na serikali inauchochea kwa pesa yake.

Kwa sheria ya 2018, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kufuatia ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikarudi 2024. Muda wote huo tumegombania nani kala, nani hajarejesha. Hakuna anayeuliza mkopo umekwenda kufanya nini. Kikundi kinaandika "sabuni ya maji", pesa inatoka, na mtaa wenye wauza sabuni watatu unapata wa nne, wa tano, wa sita.

Tena ushindani huu haushushi bei kama tulivyofundishwa darasani. Nenda penye jengo linalojengwa. Tuseme sahani ya wali nyama ni 3,000. Akija mama wa pili, bado ni 3,000. Kinachoanza kubadilika ni ndizi ya bure. Halafu kipande cha nyama cha nyongeza. Halafu daftari: fundi anakula wiki nzima, atalipa Jumamosi. Deni likifika elfu kumi na tano haonekani tena. Yuko hapohapo, kwenye benchi la jirani, anafunguliwa ukurasa mpya. Na huyu mama wa kwanza mchele alinunua kwa pesa ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza! Nendeni mkamwambie adui yake ni mgeni.

Benki ya Dunia iliwahi kutafiti jambo hili Kampala. Wanawake walioingia kwenye kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume walipata faida karibu mara tatu ya wenzao waliobaki kwenye biashara za kike, sawa na wanaume wenyewe. Basi halmashauri ikatae kukopesha kilichojaa.

Mama Wawili: Kaka, umepanga maneno vizuri ila hujawahi kupika ukauza. Nimechagua chakula kwa sababu mwanangu mdogo analala chini ya meza yangu. Karakana ya kuchomelea nitamlaza wapi, juu ya cheche? Halafu hiyo safu unayoilaumu ndiyo inayoleta wateja. Feri wauza samaki wamebanana na watu wanatoka mbali kwenda kununua pale. Mama aliyekaa peke yake barabarani anakula mwenyewe alichopika.

Na nani ataamua kuwa mtaa umejaa? Afisa? Umeshamfungulia dirisha: "Mama, biashara yako imejaa huku, lakini tunaweza kuzungumza."

Kobe wa Temeke: Hapo kwenye kuzungumza umemaliza kila kitu 😂

Mkaazi wa Roysambu: Nawasoma nikiwa Nairobi. Msimpuuze huyo mgeni hivyo. China Square, duka kubwa la Mchina, ilipofunguliwa kule Thika Road 2023, wafanyabiashara wa masoko yetu ya Gikomba na Nyamakima waliandamana. Mama anayechukua vyombo kwa bei ya jumla Nyamakima ili akauze mtaani anafanyaje ikiwa mteja wake anapata bei kama hiyo moja kwa moja kwa rafu za duka hilo? Sahani ya plastiki haina daftari wala ndizi ya kuongeza. Kwa chakula mko sahihi, kwa bidhaa za dukani la.

Jicho la Tatu: Mleta mada, bodaboda zimejaa hadi kijiwe kinafika barabarani. Mbona hujaandika vijana wasikopeshwe pikipiki? Mwanamke akikopa ndipo tunakumbuka kumpangia.

Mleta mada: Jicho la Tatu, na bodaboda iwe hivyohivyo, sina ubaguzi. Ndugu yetu wa Nairobi, vyombo nakuachia.

Dada Mama Wawili, suala la mtoto ndilo zito, na ndilo linalonirudisha kwenye mkopo. Kikundi kikikopa kufungua sehemu ya kulelea watoto pale sokoni, kimepata biashara ambayo haijajaa na kimewafungua mikono akina mama wengine. Kuhusu rushwa, basi afisa asiamue. Kata ibandike ubaoni orodha ya vikundi vyote ilivyovikopesha na biashara ya kila kimoja. Anayetaka kuwa muuza sabuni wa saba aone kwanza wale sita, kisha achague mwenyewe.

Mama Wawili: Orodha naiunga mkono. Ila waandike na nani kafunga, na alifunga mwezi wa ngapi. Hao sita wako ubaoni, sokoni huenda wamebaki wawili.