Toyota 86 inayoishi Nairobi na kushuka Mombasa: nichague seti ipi ya turbo?

Msafiri wa Naivasha (Nairobi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina Toyota 86 ya mwaka 2017, giaboksi ya mkono, iliyoletwa kutoka Japani, na sasa nataka kuifunga turbo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Injini ni FA20 ileile iliyotoka nayo kiwandani, ya lita mbili, silinda nne zilizolala, nguvu za farasi 207, na haijawahi kufunguliwa. Gari hili naliendesha mjini kila siku, mwisho wa juma napenda kupanda Limuru na kuteremka hadi Naivasha, na likizo zikifika nashuka nalo Mombasa kuwaona wazazi. Sitafuti gari la mashindano. Ninachotaka ni kuondoa ule uzito wa kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika, ambao kila mwenye 86 anaujua, na kufikisha farasi 270 hivi kwenye injini bila kuifungua.

Nimebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni seti kamili ya kampuni inayojulikana, kama AVO ya Australia au GReddy ya Japani, yenye turbo ya wastani, manifoldi (bomba la kukusanya moshi wa silinda), kipoza hewa na mabomba yake yote. Ya pili ni seti isiyo na jina niliyoiona mtandaoni, ambayo bei yake haifiki nusu ya hizo, ina turbo kubwa, na muuzaji anaahidi farasi 400. Ya tatu ni kuachana na turbo na kufunga supachaja ya Rotrex, inayosukuma hewa kama turbo ila kwa mkanda wa injini, inayouzwa na Jackson Racing. Bajeti yangu yote, pamoja na ushuru na kazi ya fundi, ni shilingi laki tisa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, na kama kuna jambo ambalo sikulitaja lakini ni la muhimu, naomba nielezwe.

Mzee wa Gereji (Nakuru)

Kijana wangu, njia ya pili ifute leo. Injini yako ina uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, wa 12.5 kwa 1, ambao ni mkubwa sana kwa injini itakayosukumiwa hewa. Subaru wenyewe, ambao ndio waliounda injini hii, walipotengeneza FA20 ya turbo kwa ajili ya gari lao la WRX la mwaka 2015, waliushusha uwiano huo hadi 10.6 kwa 1, na hapo walitoa farasi 268 tu. Ikiwa waliounda injini waliona haja ya kubadilisha pistoni ili kufika huko, muuzaji anayekuahidi 400 kwenye pistoni za kiwandani hakutakii mema.

Kinachovunjika kwanza kwenye FA20 hii ni konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Ni nyembamba, na kinachozipinda hasa ni nguvu ya kuzungusha inayokuja kwa wingi mizunguko ikiwa bado chini, kuliko farasi zinazopatikana juu. Mafundi wengi wanaozifahamu injini hizi hukubaliana kwamba ukibaki chini ya farasi 300, na nguvu ya kuzungusha isipite mita-nyutoni 350, injini nzima yenye mipangilio mizuri hudumu. Lengo lako la 270 lina busara. Usiliongeze ukishaonja utamu wake.

Kabla hujanunua chochote, pima mgandamizo wa silinda zote nne na pia uvujaji wake. Pengine umesikia kwamba mwaka 2018 magari ya 86 na pacha wake wa Subaru, BRZ, ya mwanzo, yale ya 2012 na 2013, yaliitwa warudishwe kwa sababu ya springi za valvu. Lako ni la baadaye, halimo, lakini gari lililotumika Japani na kisha Kenya lina historia ambayo hukuiona, na turbo hailetwi kwenye injini inayougua.

Fundi Kilindini (Mombasa)

Naunga mkono aliyosema Mzee, ila swali lenyewe lina jambo kubwa ambalo hata wauzaji wa seti hawaliulizi: gari lako litafanya kazi katika hewa mbili tofauti.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama kilopaskali 83. Hapa Mombasa ni 101. Ndiyo maana 86 yako, ambayo kwenye karatasi ina farasi 207, huko Nairobi haifiki hata 175, na wewe umezoea kuliendesha likiwa hivyo. Sasa tuseme umenunua seti yenye springi ya westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili isisukume kupita kiasi) ya kilopaskali 50, yaani bar 0.5, ambayo ni ya kawaida kwa seti nyingi. Springi haijui urefu wa mlima. Yenyewe huongeza 50 juu ya hewa iliyopo nje. Nairobi, injini itapata 133. Ukilinganisha na 101 ya kiwandani, hiyo ni mara 1.3, na hesabu ya haraka inakupa farasi 270, pungufu kidogo ukitoa hasara za joto. Umefika lengo, umefurahi, fundi amelipwa.

Kisha Desemba unashuka. Mtito Andei, Voi, Mariakani, shinikizo linapanda kila unapoteremka, na ukifika hapa springi ileile inaipa injini kilopaskali 151. Hiyo ni mara moja na nusu. Hesabu ileile inasema farasi 310, kwenye konrodi zilezile, hewa ikiwa na joto na unyevu, na kompyuta ya injini ikisoma sehemu ya ramani (jedwali lake la mafuta na cheche) ambayo fundi wa Nairobi hakuweza kuifikia siku anapima, kwa sababu hewa ya kwake haikuwa na uzito huo. Gari lililopangwa vizuri kabisa huko juu linaweza kuanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, huku chini bila mtu yeyote kuligusa.

Kwa hiyo, zaidi ya jina la seti, uliza springi yake ina nguvu kiasi gani. Tafuta springi laini, isiyozidi kilopaskali 34, pamoja na valvu ya umeme inayoongeza busti (shinikizo la ziada la turbo) kwa amri ya kompyuta, na sensa ya shinikizo inayoweza kusoma hadi juu ya kiwango cha hewa ya nje. Fundi akipanga lengo kuwa kilopaskali 135 kwa jumla, pamoja na hewa ya nje, badala ya kiasi cha kuongeza, Nairobi valvu itaongeza 52 juu ya hewa ya nje, Mombasa itaongeza 34, na injini itapata kitu kilekile kokote uendako. Springi ikiwa ngumu kuliko 34, kompyuta haina namna ya kuishusha.

Msafiri wa Naivasha (Nairobi)

Fundi, nashukuru sana, maana hakuna muuzaji aliyenieleza hilo. Je, hesabu hiyo ya hewa inaihusu supachaja pia? Na mafuta? Huku natia petroli ya kawaida ya kituoni, na mara nyingine ile ya bei ya juu.

Kijana wa Upanga (Dar es Salaam)

Nijibu la supachaja, kwa kuwa nimeishi nayo kwenye gari la namna hiyo. Rotrex inaendeshwa na mkanda, na busti yake inafuata mizunguko ya injini moja kwa moja. Faida yake ni kwamba nguvu inapanda taratibu, konrodi hazishtuliwi mizunguko ikiwa chini, na manifoldi ya ekzosi inabaki ya kiwandani, kwa hiyo joto chini ya boneti ni dogo. Kwangu hapa pwani ninaridhika nayo kabisa.

Kwako wewe nina mashaka. Kompresa ya namna hii huzidisha hewa iliyopo, haifidii iliyokosekana, kwa hiyo asilimia unayopoteza sasa kwa sababu ya mwinuko utaendelea kuipoteza hata baada ya kuifunga. Na ule uzito wa mizunguko 3,500 hautaondoka, kwa kuwa Rotrex hutoa busti ya maana mizunguko inapokuwa juu. Turbo, ikiwa na nafasi ya kuongeza kasi yake, inaweza kurudisha hewa ambayo mwinuko umekunyima. Mimi ni shabiki wa supachaja, lakini kwa mtu wa Nairobi anayetaka nguvu ya katikati ningesema turbo.

Jambo moja la kuangalia kwenye seti hizo ni mahali turbo inapokaa. Ekzosi ya injini hii hutoka upande wa chini, hivyo baadhi ya seti huiweka turbo chini kabisa mbele ya injini. Kwa matuta yetu na mafuriko ya Machi hadi Mei, sehemu hiyo ni ya hatari. Tena turbo ikiwa chini kuliko usawa wa oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili haiwezi kurudi kwa uzito wake yenyewe, na seti lazima iwe na pampu ndogo ya kuivuta. Uliza hilo kabla ya kulipa. Pampu hiyo ikifa, turbo itaanza kutoa moshi na watu watakuambia turbo ni mbovu.

Binti Maskati (Maskat)

Kaka Msafiri, kuhusu mafuta. Gari lako lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo viwango vyao vinataka okteni, yaani kipimo cha petroli kustahimili kugonga, isiyopungua 96. Hapa Oman tunachagua 91, 95 au 98 kwenye pampu, na hata hivyo magari ya 86 yenye turbo huku hupangwa kwa hadhari kwa sababu ya joto. Kwa mgandamizo wa 12.5, okteni ndiyo itakayoamua utapata farasi ngapi, kabla ya ukubwa wa turbo. Amua sasa kwamba utatia mafuta ya aina moja tu, yale bora unayoweza kuyapata Nairobi, Naivasha na njia yote ya Mombasa, kisha fundi apange ramani kwa mafuta hayo. Akuwekee pia ramani ya pili, yenye busti ndogo, kwa siku utakayolazimika kutia chochote kilichopo.

Joto nalo usilichukulie wepesi. Hewa ya nyuzi 30 ikigandamizwa mara moja na nusu hutoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi zipatazo 80, na ni kipoza hewa peke yake kinachosimama kati ya joto hilo na pistoni zako. Chagua seti yenye kipoza kikubwa kinachokaa mbele ya rejeta kikiwa kimepakana nayo vizuri, pasipo nafasi ya hewa kukwepa pembeni. Pamoja nacho, funga kipoza oili chenye themostati. FA20 hupasha oili yake hata bila turbo, na mlima wa Mai Mahiu utaipasha zaidi. Ukinunua oili, tafuta iliyoandikwa API SP, kiwango kilichoanza mwaka 2020, kwa sababu kilijumuisha kinga dhidi ya ule mlipuko wa mapema unaotokea injini ikibeba mzigo mzito kwenye mizunguko ya chini, na injini yako itakuwa na mzigo huo.

Mzee wa Gereji (Nakuru)

Dada Maskati amenena. Niongeze la ukubwa wa turbo, kwa sababu bado hatujaligusa. Farasi 270 zinahitaji hewa ya kilo 12 hivi kwa dakika. Turbo ndogo kabisa inaweza kuitoa hapo Mombasa, lakini huku juu hewa ni nyepesi na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kutoa kiasi hichohicho, kwa hiyo ile iliyokuwa ikitosha pwani itakuwa inajimaliza Limuru. Garrett, kwa mfano, wanaiweka GT2554R kwa injini za farasi 170 hadi 270, na GT2860RS kwa 250 hadi 360. Kwako wewe ningechukua ya pili au ya ukubwa unaokaribiana nayo, yenye beringi za gololi.

Kwenye nyumba ya tabini, yaani ganda linaloelekeza moshi kwenye gurudumu la turbo, mimi ningechagua ile pana zaidi, ili nguvu ije polepole na konrodi zipate kupumua.

Fundi Kilindini (Mombasa)

Hapo Mzee naomba tutofautiane kwa heshima. Mwenzetu ametaka nguvu mapema, na nyumba pana itamchelewesha hadi mizunguko 4,000, yaani palepale anapolalamikia. Nyumba nyembamba yenye busti inayodhibitiwa kwa umeme inaweza kuzuiwa chini ya 3,500 na kufunguliwa taratibu baada ya hapo. Ramani nzuri inazilinda konrodi kuliko chuma kipana.

Mzee wa Gereji (Nakuru)

Nakubali, ikiwa fundi wa ramani ni mtu wa kuaminika. Na ndiyo maana, kijana, fundi huyo mtafute kabla ya seti. Muulize kama anaimudu EcuTek, programu ya kupangia kompyuta ya injini, kwenye 86, anacho kipimo cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, ana mashine ya kupimia nguvu, na yuko tayari kusoma kumbukumbu za safari utakazomtumia kutoka pwani. Asipojua lolote juu ya tofauti ya Nairobi na Mombasa aliyoieleza Fundi Kilindini, tafuta mwingine.

Laki tisa haitatosha yote kwa mara moja. Seti ya kampuni inauzwa kwa maelfu ya dola kabla ya usafirishaji na ushuru, na bado kuna nozeli kubwa, pampu ya mafuta, plagi za daraja la baridi zaidi, klachi na ramani. Anza mwaka huu na vipimo, kipoza oili na klachi. Vyote vitalifaa gari hata bila turbo.

Msafiri wa Naivasha (Nairobi)

Nawashukuru wote. Nimeachana na seti isiyo na jina na nimeiweka supachaja kando. Nitaanza na vipimo vya silinda na kipoza oili, huku nikiwaandikia wauzaji wa seti kamili maswali manne: nguvu ya springi, mahali turbo inapokaa, namna oili inavyorudi, na ukubwa wa kipoza hewa. Swali la mwisho: klachi lazima ibadilishwe kabla ya turbo, au ningoje ianze kuteleza?

Fundi Kilindini (Mombasa)

Ibadilishe kabla. Klachi ya kiwandani huanza kuteleza ukikaribia nguvu unayoitaka, na ikiteleza fundi wa ramani hawezi kuamini anachokiona kwenye mashine ya kupimia. Chukua iliyo daraja moja juu ya ya kiwandani, usichukue ya mashindano, kwa kuwa foleni ya Mombasa Road itakuchosha mguu. Ukishuka mara ya kwanza na turbo, rekodi safari yote kuanzia Mtito Andei hadi hapa, usikanyage mafuta hadi mwisho kabla fundi wako hajazisoma kumbukumbu hizo, na ukipenda tuzitazame pamoja hapa Kilindini.