Nakala ya hukumu ya mahakama ya mwanzo naipataje?

Mama Wawili: Habarini wadau, niko huku Kongwa, shauri letu la mirathi ya marehemu baba limeamuliwa mahakama ya mwanzo wiki mbili zimepita, kila nikienda kufuata nakala naambiwa njoo kesho, mara karani katoka, nauli ya boda inaniishia. TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, nimetafuta sioni kitu. Nifanyeje jamani?

Mdau wa Area C: Pole sana dada. TanzLII utakuta sanasana hukumu za Mahakama Kuu na Rufani, za mwanzo usizitegemee. Andika barua kwa hakimu mfawidhi, yaani hakimu msimamizi wa hiyo mahakama, weka namba ya shauri, majina ya wadaawa (pande za kesi) na tarehe ya hukumu, nenda na kopi mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Huo muhuri usiudharau kabisa!!

Mzee wa Kizota: Mwanangu siku zinakimbia, rufaa kwenda mahakama ya wilaya ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ukipitiliza inabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu, hapo ndo hiyo kopi yenye muhuri itakusaidia.

Mama Wawili: Asante baba, barua naandika usiku huuhuu.