Naombeni ushauri: binti yangu anaogopa kuwasilisha mradi wake wa chumvi

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Nipo Bagamoyo. Tuko familia chache tunaofundisha watoto nyumbani, na tumekubaliana kufanya maonesho ya sayansi, kila mtoto na meza yake. Binti yangu wa miaka kumi kachagua chumvi, maana mabwawa ya chumvi anayaona tangu mdogo. Kaanika maji ya bahari kwenye sinia mbili, nyeusi na nyeupe, aone ipi itawahi kukauka. Ya nyeusi imewahi.

Sasa chumvi yenyewe ni chungu, na inalowa hata ikiwa ndani. Anataka sababu. La pili ndilo linaloniumiza: baba yake kamwandikia kurasa za kukariri, na akisimama kuzisema machozi yanamlenga. Nimtoe?

Mwl. Kemia
Dada, hongera kwa kulea mtoto anayeuliza. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ila si zote za mezani. Maji yakipungua hutangulia kutua chokaa, kisha jasi. Chumvi ya kula huanza kuganda yakibaki kama sehemu moja ya kumi. Chumvi za magnesiamu hubaki mwisho kabisa. Ndizo chungu, na ndizo zinazovuta unyevu wa hewani. Kwenye mabwawa hawasubiri yakauke yote: wanavuna, yale maji machungu wanayamwaga. Basi arudie. Sinia moja ikauke kabisa, nyingine amwage maji ya mwisho, alinganishe. Swali hili limetoka kwake mwenyewe, kwangu lina uzito kuliko la rangi ya sinia.

Mwana wa Pwani
Mmechota wapi? Karibu na mdomo wa mto Ruvu chumvi hupungua, hasa masika. Aandike mahali na tarehe, asije akakwama akiulizwa mbona hazikufika gramu 35.

Shangazi Mtu
Mwanangu, usimtoe! Kurasa zikae pembeni, na baba mtu umweleze kwa upole, maana naye kafanya kwa mapenzi. Mtoto aliyeanika maji kwa mikono yake ana la kusema. Mpangie sinia, chumvi na mizani mezani, kisha aulizwe: ulifanya nini, ukaona nini? Aanze na bibi yake, halafu jirani mmoja mmoja. Siku yenyewe wageni wapite meza kwa meza, wasimkalie mbele kama mkutano. Na asilolijua aseme, "Hilo bado sijalipima." Hilo nalo ni jibu.

Mpita Njia
Ila jikoni endeleeni na ya dukani. Hiyo yenu haijatiwa madini joto, na upungufu wake huleta rovu.

Mama Wawili
Asanteni sana, Mungu awabariki. Baba yake kakubali, na mwenyewe keshaulizia maji yatajaa saa ngapi akachote tena. Mizani ya jikoni itatosha?

Mwl. Kemia
Inatosha, ila aanike lita tatu kila sinia. Kwa lita moja tofauti inaweza kuwa ndogo, mizani ya jikoni isiione.