Fulana ya Eliya kwenye grupu la ukoo

Mama Eliya: Shikamoo Baba. Habari za jioni wote. Eliya leo kafunga goli dakika za mwisho, akavua jezi, kumbe chini ana fulana nyeupe kaandika kwa maka peni YESU NI BWANA. Refa kampa njano, na kocha kasema mechi ijayo anakaa benchi. Mtoto karudi nyumbani, kajifungia chumbani, hajala.

Mjomba Asheri: Benchi kwa kumtaja Yesu?? Kesho asubuhi mimi na huyo kocha.

Babu: Marahaba mwanangu. Mpeni kwanza uji.

Salum: Shem, pole. Kaka Asheri, tusikimbilie kwa kocha. Njano ni ya kuvua jezi. Hata angeandika MAMA NAKUPENDA, kadi ingetoka ile ile.

Mjomba Asheri: Salum, kwako ni rahisi kusema hivyo.

Salum: Si kwa sababu ya dini, kaka. Nimechezesha mechi za mashule miaka mingi. Sheria ya mpira inakataza kuonyesha maandishi kwenye nguo ya ndani, yawe ya siasa, ya dini au ya mtu binafsi. Ndiyo, Kaká yule Mbrazili, pale Athens 2007, Milan walipoifunga Liverpool fainali ya Ulaya, alipiga magoti baada ya filimbi ya mwisho na fulana inayosema yeye ni wa Yesu, dunia nzima ikaona. Ila mechi ikiendelea, mchezaji hana nafasi hiyo.

Mama Eliya: Yeye kamuiga Guéhi, yule aliyekuwa nahodha wa Crystal Palace ya Uingereza. Picha ya kile kitambaa chake cha unahodha chenye jina la Yesu kaibandika juu ya kitanda.

Mjomba Asheri: Sasa mbona Guéhi hakufanywa kitu? Tumaini uko huko Uingereza, hebu sema.

Tumaini (Reading): Shikamoo Baba. Samahanini, ndio natoka kazini.

Ilikuwa Novemba 30, 2024, Crystal Palace na Newcastle. Wiki ile manahodha wa Ligi Kuu walipewa kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, kampeni ya kuwaunga mkono mashoga na wasagaji kwenye michezo. Guéhi alikivaa. Hakukikataa. Ila juu yake akaandika kwa mkono kwamba anampenda Yesu. FA, chama cha mpira cha huku, wakamkumbusha yeye na klabu kuwa maneno ya dini hayaruhusiwi kwenye vifaa vya mchezo. Siku tatu baadaye, ugenini kwa Ipswich, akaandika tena, safari hii kwamba Yesu anakupenda, na neno "anapenda" akalichorea moyo. FA hawakumshtaki. Kocha wake Glasner alisimama naye. Mwenyewe alisema ulikuwa ujumbe wa upendo. Baba yake ni mtumishi kanisani, kwa hiyo hayo maneno hakuyaokota barabarani.

Mjomba Asheri: Umeona Salum! Hakuadhibiwa.

Salum: Nimeona. Dada Tumaini, waambie na nahodha wa Ipswich siku hiyo alikuwa nani.

Tumaini (Reading): Sam Morsy. Mwislamu, amechezea Misri. Yeye kitambaa cha rangi hakukivaa kabisa, alivaa cha kawaida. Klabu yake ikatoa taarifa kwamba inaheshimu uamuzi wake kwa sababu za imani. Na wiki hiyo hiyo Manchester United waliacha kuvaa majaketi ya kampeni kwa sababu mchezaji wao Mazraoui alisema hatavaa.

Salum: Basi hapo ndipo roho yangu ilipo. Manahodha wawili, uwanja mmoja, kila mmoja na dhamiri yake mkononi. Kwenye kibanda nilichoangalia mpira, wa kwetu walimpigia makofi Morsy, wakasema Guéhi analeta mahubiri uwanjani. Nikavuka barabara kwenye kijiwe cha bodaboda, wale walokole wakasema Guéhi ni shujaa na Morsy ana chuki. Nikauliza, tunapima kwa mizani ngapi?

Mjomba Asheri: Haifanani. Mmoja alikataa, mwingine alishuhudia.

Salum: Kaka, wote wawili ni kama walisema "imani yangu haiachwi chumba cha kubadilishia nguo". Ukitaka Eliya aruhusiwe kumtaja Yesu, mruhusu na mtoto wangu asujudu. Na yule asiyetaka dini yoyote, naye asikilizwe anaposema kimemuumiza.

Tumaini (Reading): Hilo la mwisho ni kweli. Kazini kwangu kuna kijana kampeni ile inamhusu. Aliniambia hakujua alipokee vipi yale maneno, kama baraka au kama karipio, maana yaliandikwa juu ya kitu alichodhani ni chake. Nilimwambia mimi nayasoma kama baraka. Hakubishana nami, lakini sikumwona akiridhika. Wote wawili, Guéhi na Morsy, walitukanwa sana mitandaoni na wote walishangiliwa sana. Waliowauliza kwa upole walikuwa wachache.

Babu: Nisikilizeni kidogo. Kulikuwa na Mwingereza, Jonathan Edwards, wa kuruka hatua tatu. Mwaka 1991 hakwenda mashindano ya dunia ya riadha Tokyo kwa sababu ya kuruka Jumapili. Makanisani tulimtaja kwenye mahubiri, hata mimi nilimtaja. Baadaye akabadili msimamo, akaruka Jumapili, na 1995 akaweka rekodi ya mita 18.29. Miaka ikapita, 2007 akasema haamini tena. Wale waliomsifu wakawa wa kwanza kumsema. Nilihuzunika. Tulikuwa tumembebesha imani yetu sote kwenye miguu yake, naye alikuwa kijana tu anayeruka.

Eliya ana miaka 17. Msimpe mzigo huo. Wala wewe Asheri usimfanye bendera.

Mjomba Asheri: Nimekusikia Baba.

Mama Eliya: Eliya yumo humu, anasoma. Mwanangu, sema.

Eliya: Shikamooni wote. Sikuvua ili nisifiwe. Mwaka jana goti liliponiumiza niliahidi kwamba nikirudi, goli la kwanza ni la Mungu. Ile fulana niliivaa mechi nne, leo ndio nikafunga.

Mama Eliya: Hukuwahi kuniambia 😢

Eliya: Na kocha alituambia kabla, yeyote atakayevua jezi anakaa benchi. Hajasema neno baya juu ya Yesu. Yeye mwenyewe huwa anatuombea kabla ya mechi.

Mjomba Asheri: Hilo ndio nalisikia sasa.

Salum: Mwanangu, ahadi umeitimiza mpira ulipoingia. Ukifunga tena, piga goti, inua mikono. Salah husujudu akifunga na hakuna refa anayemgusa. Na mwenzako akishangilia kwa namna ya imani yake, msubiri amalize ndio umkumbatie.

Eliya: Sawa baba mdogo.

Mama Eliya: Kesho utampigia kocha umwombe radhi kwa ile kadi. Kwa yale maneno usiombe radhi, ni yako.

Mjomba Asheri: Na Jumamosi nakuja uwanjani hata kama uko benchi. Nani anakuja na gari?

Salum: Mimi. Saa nane niko kwenu. Sasa toka chumbani ule.